Jina la wa Kuulizwa

Mhadhara kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, Masasi na Newala



Mmeniomba nizungumzie jambo linalowaudhi wengi wenu. Kijana anajifunza kuandika programu, anakwama, anaingia kwenye jumuiya ya waandishi wa programu mtandaoni na kuuliza. Hajibiwi. Anaambiwa akasome mwongozo kwanza, na pengine anaambiwa hivyo kwa maneno ya kumvunja moyo. Mnataka kujua kama kuna haki hapo.

Nasema haki ipo, na nitaitetea mbele yenu bila kumung'unya maneno. Mgeni asome kwanza. Lakini yule anayemtuma mwenzake akasome anabeba deni: lazima pawepo kitu cha kusomwa, kwa lugha ambayo huyo mwenzake anaielewa, na mahali anapoweza kukipata. Nusu ya kwanza nawadai ninyi mnaoanza. Nusu ya pili nawadai waliowatangulia, na kwa kuwa muda si mrefu ninyi ndio mtakuwa mmetangulia, itawafikia pia.

Tulitazame swali lenyewe, maana ukizungumzia maswali bila kuwa na swali mkononi unaishia hewani.

Kijana wa Newala anataka kumsaidia mama yake kukokotoa malipo ya korosho. Anaandika programu ndogo kwa lugha ya Python kwenye simu. Inauliza kilo, inazidisha kwa bei, inaonyesha fedha. Bei ameiandika mwenyewe ndani ya programu, tuseme 3,300, ile ambayo Serikali ilitangaza kununulia korosho Novemba 2018. Anaiendesha, anaandika kilo 120, anasubiri kuona 396,000. Badala yake skrini inajaa 120120120120, mstari baada ya mstari, hadi kidole kinachoka kushusha. Anachukua simu ya rafiki yake, anapiga picha ya skrini, picha inatoka na ukungu, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp na kuandika: "Wakuu, hii inanigomea, msaada tafadhali." Baada ya kimya kirefu mkuu mmoja anajibu: "Soma mwongozo, dogo."

Mwongozo unasemaje? Katika nyaraka za Python, maelezo ya "input" ni mafupi. Yanasema kazi hiyo inasoma mstari alioandika mtumiaji, inaugeuza kuwa maandishi, kisha inaurudisha. Jibu lote limo humo. Ile 120 aliyoiandika kijana, kwa Python, ni herufi tatu zilizofuatana, wala bado haijawa namba. Na maandishi ukiyazidisha kwa namba, Python inayarudia mara hizo. Programu imeandika 120 mara 3,300, yaani tarakimu 9,900, sawasawa na ilivyoamriwa. Dawa ni kuyageuza maandishi kuwa namba kwa "int", au kwa "float" kama mizani imetoa nusu kilo.

Mtaniuliza, sasa si angejibiwa tu "weka int" yakaisha? Yangeisha siku hiyo. Kesho yake anaongeza makato ya chama cha msingi, nayo anayapokea kwa "input", na anagota palepale. Aliyepewa neno moja amepata neno moja. Aliyesoma zile sentensi chache amejua kwamba kila kitu kinachoingia kupitia mlango ule kinaingia kikiwa maandishi: kilo, bei, makato, tarehe ya mnada, hata namba ya simu ya mkulima. Amejibiwa maswali ambayo bado hajakutana nayo. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kutetea kusoma kwanza, na inahusu faida ya mgeni mwenyewe kuliko utulivu wa wenyeji.

Tena kusoma huko hakuhitaji bando. Python yenyewe inabeba maelezo yake: ukiandika help(input) na kubonyeza kitufe, maelezo yanatokea hata kama uko shambani pasipo mtandao. Mwongozo wake mzima unapakuliwa bure, unakaa ndani ya simu. Kuna pia Kiwix, programu iliyoanzishwa 2007 ili watu waisome Wikipedia bila intaneti, na leo inabeba hata maktaba ya maswali na majibu ya Stack Overflow, tovuti ya waandishi wa programu. Mtu mmoja akishapakua Masasi mjini, wengine wananakili kutoka kwenye simu yake. Nalisisitiza hili kwa vijana wa Newala na vijiji vyake, ambao kila megabaiti wanaihesabu.

Na kabla ya mwongozo kuna ujumbe wa kosa, ambao ndio ukurasa wa kwanza kabisa wa kusomwa na ndio unaorukwa na wengi. Tuseme kijana wetu mahali pamoja ameandika jumla kwa herufi ndogo, mahali pengine ameandika Jumla kwa herufi kubwa. Python inagoma na kumwaga mistari ya Kiingereza. Macho yanaikwepa. Isomeni kuanzia chini. Mstari wa mwisho unataja aina ya kosa, NameError, na kusema jina Jumla halijulikani. Juu yake kuna kipande cha programu kilichogoma, na juu zaidi kuna jina la faili na namba ya mstari. Tangu toleo la 3.10, lililotoka 2021, Python inaongeza na pendekezo: je, ulikusudia jumla? Mashine imekutajia faili, mstari, neno, na hata dawa. Ukiacha yote hayo ukamuuliza mtu aliyeko Dar es Salaam au Nairobi ambaye haioni programu yako, umeacha shahidi aliyeona na kwenda kwa asiyeona.

Najua mtanijibu kwamba kuuliza si ujinga. Ni kweli, na sina ugomvi na msemo huo. Ninachosema ni kwamba swali lina matayarisho yake. Wakulima waliomo humu wanalijua hilo kuliko mimi. Mtu akimwendea bwana shamba na kusema "mikorosho yangu inaumwa", bwana shamba hana la kufanya ila kuanza kumhoji yeye. Unga mweupe umeonekana kwenye maua au kwenye majani machanga? Salfa umepuliza lini, kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujaingia au baada? Ulipuliza saa ngapi? Maana salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, na upepo ukiwa umetulia usije ukaupeleka kwa jirani. Mkulima aliyekuja na majibu hayo mkononi anaondoka na ushauri. Asiyekuja nayo anarudishwa shambani akaangalie, na hakuna anayeona kuwa amedharauliwa. Swali la programu ni vivyo hivyo: nimeandika hivi, nilitarajia hivi, nimepata hivi, ujumbe wa kosa ni huu, nimesoma ukurasa fulani na sikuelewa sehemu hii. Ujumbe wa kosa uuandike kwa herufi, usiupige picha, ili anayekusaidia aweze kuunakili na kuutafuta. Na mara nyingi ukishayaandika hayo yote kwa utaratibu, jibu unaliona mwenyewe kabla hujatuma.

Sasa upande wa pili, ule wa deni la anayemtuma mwenzake akasome, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo ninapoona tumepungukiwa.

Nianze na mwaka 1971, ambao una uzito wake katika wilaya hii ya Masasi. Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha zikachaguliwa wilaya sita zitangulie kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1971. Zilikuwa Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Rungwe na Masasi. Babu na bibi zenu waliingia madarasani na chini ya miti wakiwa watu wazima wenye watoto na mashamba, wakashika kalamu.

Mwaka uleule, tarehe 3 Novemba, huko New Jersey nchini Marekani, kwenye maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa Unix. Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ndiyo asili ya mambo mengi mnayoyatumia leo, na Linux iliyomo ndani ya simu zenu za Android ilijengwa kwa kuifuata. Mwongozo ule haukuwa na mapambo. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na vichwa vilevile: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo, faili inazozitumia, ujumbe inaoutoa ikikosewa, na kasoro zake. Naam, kasoro. Walioitengeneza programu waliandika wenyewe mahali inapokosea, wakatoa kwa watu. Na mwishoni palikuwa na kichwa kingine, kilichomtaja mwenye programu. Utangulizi wa mwongozo ulieleza maana yake: huyo ndiye wa kuulizwa mtu akipata shida.

Nawaombeni mlitafakari hilo. Desturi ya "soma kwanza" ina mizizi yake katika kurasa kama zile, na kurasa zile hazikumfungia mtu mlango wa kuuliza. Zilimpa ukurasa, kisha zikampa jina. Aliyeandika alikubali kwamba maandishi yake hayatamtosha kila mtu, akasema atakayekwama amfuate yeye. Kadiri Unix ilivyoenea na watumiaji kuwa wengi, majina yale yaliondoka kwenye kurasa, na haingewezekana vinginevyo. Watu wawili hawawezi kuhudumia dunia. Lakini pamoja na majina, ile roho nayo ilipungua. Amri ya kusoma ilibaki, na mara nyingi ilisemwa kwa matusi.

Mwaka 2001 Eric Raymond aliandika mwongozo mrefu wa namna ya kuuliza maswali ya kiufundi, na bado unasambazwa hadi leo. Una hekima nyingi: tafuta kwanza, eleza dalili na siyo dhana zako, sema ulichojaribu. Mengi niliyowaambia hapo juu yanakubaliana nao. Lakini una ukali ndani yake, na walioukariri ukali wakaacha hekima ni wengi. Stack Overflow, iliyoanzishwa 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ilijengwa ili jibu moja zuri liwasaidie maelfu, na imefanya hivyo. Hata hivyo Aprili 2018 mmoja wa viongozi wake, Jay Hanlon, aliandika hadharani kwamba mahali pale hapawakaribishi watu, hasa wanaoanza, na kwamba hali hiyo ibadilike. Wenye nyumba wenyewe walikiri. Kwa hiyo kijana aliyesimangwa asidhani kwamba tatizo lote ni lake.

Wanaojibu nao wana haki yao, msiisahau. Hawalipwi. Ni watu waliomaliza kazi zao za mchana, wamekaa usiku kusoma maswali ya watu wasiowajua. Swali lililokwisha jibiwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo linakula muda uliokuwa wa mtu mwenye tatizo ambalo halijaandikwa popote. Ukisoma kabla ya kuuliza unamwachia nafasi mwenzako huyo.

Lakini tuulizane: kijana wa Newala anasoma nini? Ametumia miaka saba ya shule ya msingi akifundishwa kwa Kiswahili. Amefika kidato cha kwanza, Kiingereza kimemwangukia karibu masomo yote kwa mpigo. Anapotumwa kwenye mwongozo wa Python anakutana na Kiingereza cha watu wazima, kilichoandikwa na wataalamu kwa wataalamu. Mkorea anausoma mwongozo huohuo kwa Kikorea. Wapo wanaousoma kwa Kijapani, Kifaransa, Kihispania, Kichina, Kituruki, na Wabrazili kwa Kireno chao, kwa sababu watu wa huko walikaa wakautafsiri, ukurasa kwa ukurasa, bila malipo. Stack Overflow ina vyumba vya Kireno, Kirusi, Kihispania na Kijapani. Sisi tunaozungumza Kiswahili, na tuko makumi ya mamilioni, tunaambiana "kasome" huku tukielekeza kidole kwenye kitabu cha watu wengine.

Kuchelewa kwetu kuna historia. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hofu ya gharama na ya mitambo iliyokuwa imeanza kuleta hasara, na marufuku hiyo ililegezwa taratibu sana. Kizazi ambacho kwingineko kilikuwa kinaandika vitabu vya kwanza vya wanaoanza, kwetu hakikuwa na mashine ya kujifunzia. Lakini jaribio lilifanyika. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia nyaraka na kupigia mahesabu iliyokuwa ikimsemesha mtumiaji kwa Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Walithibitisha kwamba lugha yetu inaimudu kazi hiyo. Kilichotakiwa baada yao ni mikono mingi ya kuendeleza, na mikono hiyo ingeweza kutoka popote, pamoja na hapa.

Narudi kwenye elimu ya watu wazima, maana kuna jambo kubwa walilolijua wale waliosimamia kampeni ile na sisi wa kompyuta hatujalitia akilini. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufikia 1986, kwa takwimu za Serikali, walikuwa chini ya 10. Lakini katikati ya safari ile wasimamizi waliona kwamba mtu aliyefundishwa kusoma, akikosa cha kusoma, baada ya muda anasahau. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijiji, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa. Na vitabu vya kwanza vya kusomea vilikuwa vimeandikwa juu ya kazi za watu: mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi alisoma habari za uvuvi. Hawakumwambia mtu asome halafu wakamwacha atafute mwenyewe.

Katikati ya safari hiyohiyo, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana hamuifahamu; waulizeni wazee. Kote nchini viliundwa vikundi vya kusikiliza redio, vyenye takriban watu milioni mbili, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi na vijitabu vya Kiswahili. Kwa wiki kumi na mbili watu walikutana, wakasikiliza kipindi, halafu mmoja aliyejua kusoma akawasomea wenzake sura ya siku ile kwa sauti. Baada ya hapo ndipo walipoulizana. Hili linatuhusu vipi? Je, kijijini kwetu hali iko hivyo? Tufanye nini? Na hawakuondoka bila kukubaliana la kufanya, wakaenda wakachimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Asiyejua kusoma hakuachwa nje, kwa sababu ukurasa ulisomwa na kikundi kizima.

Mimi sioni sababu ya vijana wa Masasi na Newala kujifunza kuandika programu mmoja mmoja, kila mtu na simu yake, kila mtu akipambana peke yake na Kiingereza kile. Kaeni watano au sita. Chukueni ukurasa mmoja wa mwongozo kwa wiki. Mwenye Kiingereza kizuri asome na kueleza, wengine wajaribu palepale kwenye simu. Mtakuta aya iliyomshinda mmoja imemwingia mwingine, kwa sababu yule aliwahi kukutana na jambo lile kwenye kazi yake ya stashenari au kwa fundi simu. Swali litakalobaki baada ya kikundi kusoma na kujaribu ndilo mlipeleke mtandaoni, na nawahakikishia litapokelewa tofauti.

Kuna atakayesema haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa tangu Novemba 2022 iko ChatGPT, na zimefuata nyingine. Unaiuliza kwa Kiswahili, inakujibu kwa Kiswahili, haichoki wala haikusimangi. Itumieni. Kwa mtu aliyezoea kukaripiwa, ni nafuu kubwa, na sitamnyima mtu nafuu hiyo. Lakini mashine hizo huweza kukutajia kazi ambayo haimo kabisa katika Python, kwa lugha nyoofu kama ile zinayoitumia kukutajia iliyomo. Stack Overflow walizuia majibu ya ChatGPT mapema Desemba 2022 kwa sababu hiyohiyo: mengi yalionekana sahihi na hayakuwa sahihi. Utajuaje? Kwa kufungua mwongozo. Asiyejua kuusoma ameondoka mikononi mwa mkuu mkali wa WhatsApp na kuingia mikononi mwa mshauri mpole, naye hana uwezo wa kumkagua mshauri huyo.

Kwa hiyo ninayo kazi ya kuwapa, na nimeipunguza iwe ndogo ili msiwe na kisingizio. Andikeni kurasa zenu, kwa Kiswahili, kwa mtindo wa vichwa vya mwongozo wa Unix wa 1971: jina, namna ya kuandika, maelezo, mfano, makosa ya kawaida, kasoro, wa kuulizwa. Vichwa saba, na upande mmoja wa karatasi unatosha. Msitafsiri mwongozo mzima. Hamtaumaliza na mtakata tamaa. Andikeni kila mnapopata jibu la swali lililowasumbua. Mtu asaidiwe kwa sharti moja, kwamba jibu alilopewa ataligeuza kuwa ukurasa ndani ya wiki hiyo.

Mwanzo mmeshapata. Chini ya jina mtaandika "input". Chini ya maelezo: inasoma mstari ulioandikwa na mtumiaji na kuurudisha ukiwa maandishi, hata kama mtumiaji ameandika tarakimu. Mfano uwe wa kilo za korosho, maana kila aliyekulia huku ataufuata. Chini ya makosa ya kawaida: skrini kujaa namba ileile iliyojirudia, sababu yake, dawa yake. Chini ya kasoro mwandike kile ambacho ukurasa wenu haujakieleza, kwa mfano mtumiaji akiandika neno "mia" badala ya 100 programu itakatika, na namna ya kuzuia hilo iko kwenye ukurasa mwingine. Chini ya wa kuulizwa liwekwe jina la mmoja wenu, aliyekubali mwenyewe. Jina hilo libadilike kila muhula, ili mzigo usimwelemee mtu mmoja akachoka na kuwa mkali kama wale waliotuudhi.

Msijidharau kwamba ninyi ni wanafunzi tu, mtaandikaje mwongozo. Mwaka 1876 mmisionari Mwingereza, Edward Steere, alifika hapa Masasi na watu walioachwa huru kutoka utumwani, wakaanzisha makazi yao. Miaka sita kabla, 1870, alikuwa amechapisha kitabu cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kwa ajili ya wageni wanaojifunza lugha. Alikipataje, naye mwenyewe alikuwa mgeni? Aliwauliza Waswahili, akayaandika majibu. Miongozo huzaliwa hivyo: mtu aliyekuwa hajui juzi anaandika akikumbuka vizuri ni wapi alipokwama. Mtaalamu wa miaka ishirini amekwisha kusahau kwamba kuna siku 120 ilimshangaza. Ninyi bado mnakumbuka, na kumbukumbu hiyo haikai muda mrefu.

Na wilaya hii imezoea kutoa vitabu. Wamisionari wa Kibenediktini wa Ndanda wamechapa vya Kiswahili kwa miongo mingi, vikasomwa nchi nzima. Kurasa zenu hazihitaji mitambo kama yao. Zinahitaji printa ya stashenari na faili la pini mbili kwenye rafu ya maktaba ya shule, na nakala ileile kwenye simu kwa wenye simu.

Walimu, ombi langu kwenu ni chumba cha kompyuta kufunguliwa Jumamosi asubuhi, na watu wawili kukaa na vijana hawa. Mwalimu wa Kiingereza aulinganishe ukurasa wao na mwongozo wa asili, aone kama hawajapotosha maana. Mwalimu wa Kiswahili aipitie lugha, akatae sentensi yoyote ambayo mwanafunzi wa darasa la saba hataielewa. Na kabla ukurasa haujawekwa kwenye faili, kijana ambaye hakushiriki kuuandika apewe simu, aujaribu mfano peke yake, wengine wakae kimya wamtazame anakwamia wapi.